Kodi ya mwingine, ada ya mwanao

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu waishio Marekani, na karibu zote zinaulizia ule ufadhili wa shule binafsi unaotokana na kodi. Tumechagua nne.

SWALI: Ninaishi Tucson, Arizona, nina watoto watatu, kazi yangu ni usafi wa hoteli. Kanisani wanasema kuna mashirika yanayowalipia watoto wa wenye kipato kidogo shule binafsi, na kwamba pesa ni za kodi. Je, ni mkopo? Naanzia wapi? Ninayemfikiria ni wa katikati, yuko darasa la tano.
Mama wa watatu, Tucson

JIBU: Si mkopo, mama, na hakuna atakayekuja kuudai. Arizona iliuanza mpango huu mwaka 1997. Mlipakodi anachangia shirika la ufadhili, ambalo huko huitwa STO, kisha jimbo linamfutia kodi kwa kiasi kilekile alichotoa, mradi asivuke kikomo cha mwaka. Shirika hutakiwa kutumia angalau asilimia 90 ya michango hiyo kuwalipia wanafunzi ada.

Wengi hujikwaa mapema kwa kudhani mfuko ni mmoja. Iko zaidi ya mmoja, na mitatu ndiyo inayokuhusu. Wa kwanza, wa michango ya kawaida ya watu binafsi, uko wazi kwa mwanafunzi yeyote wa shule binafsi. Wa pili ni wa wanaohama: mtoto awe amesoma shule ya serikali angalau siku 90 au muhula mmoja kamili katika mwaka uliotangulia, au awe anaingia chekechea. Wa tatu unatokana na kodi za makampuni na umewekewa kikomo cha kipato. Kwa familia ya watu wanne, mwaka wa shule 2025/26, kilikuwa takribani dola 110,000. Kwa kazi uliyoitaja, mwanao huenda akafaa kwa yote mitatu. Usimtoe shule ya serikali katikati ya muhula kabla hizo siku 90 hazijatimia. Mzazi mwenye haraka hujifungia mfuko wa pili namna hiyo.

Tafuta shule kwanza, kwa sababu shirika halilipi ada ya mtoto ambaye hajakubaliwa popote. Mwulize mhasibu wa shule inashirikiana na mashirika gani, kisha omba kwa zaidi ya moja. Hilo linaruhusiwa, ila jumla ya ufadhili isizidi ada. Andaa ritani ya kodi ya mwaka uliopita (fomu 1040), W-2 (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa) za kila mwanafamilia mwenye ajira, mkataba wa pango au bili ya umeme yenye anwani yako, cheti cha kuzaliwa au karatasi za uhamiaji za mtoto, na barua ya SNAP kama mnapata msaada huo wa chakula. Kagua herufi za majina. Jina la mtoto likiandikwa hivi kwenye karatasi za ukimbizi na vile kwenye rekodi za shule, ombi hukwama, na wewe utadhani wamekukataa. Ambatanisha maelezo mafupi yanayoeleza tofauti hiyo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo furaha hugeuka deni. Tuseme ada ni dola 7,500 na umepata ufadhili wa 5,000. Bado 2,500, yaani 250 kila mwezi kwa miezi kumi. Ongeza sare, ada ya usajili, chakula cha mchana kama shule haimo kwenye mpango wa chakula wa serikali, na mafuta ya gari kama haina basi. Mwombe mhasibu akuandikie jumla ya mwaka mzima kwenye karatasi moja. Akisitasita, hiyo nayo ni habari.

Arizona pia ina akaunti ya ESA, yaani pesa za jimbo anazopewa mzazi alipie elimu ya mtoto, ambayo tangu 2022 iko wazi kwa kila mwanafunzi wa jimbo hilo. Mtoto asiye na ulemavu hupata kama dola 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka. Linganisha vizuri, kwa kuwa mtoto hawezi kupokea ESA na ufadhili wa STO kwa wakati mmoja. Ukitia saini mkataba wa ESA huku hundi ya STO iko njiani, moja itabidi irudi.

Na kama mwanao ana mpango wa elimu maalumu, ule wa IEP, simama kidogo. Shule ya serikali inabanwa na sheria ya shirikisho kumpa huduma zilizoandikwa mle. Ukimhamishia mwenyewe shule binafsi, haki hiyo haimfuati kwa ukamilifu wake. Mtoto anayejifunza Kiingereza vivyo hivyo: shule ya serikali lazima imsaidie, shule binafsi huenda haina hata mwalimu mmoja wa kazi hiyo. Uliza jina la mwalimu huyo na saa zake kwa wiki.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, Phoenix. Kila mwaka nalipa kodi ya jimbo. Naweza kutoa dola 700 zikamlipie mtoto wa dada yangu? Na rafiki yangu anasema yeye amchangie mwanangu, mimi nimchangie wake. Inafaa?
Mjomba

JIBU: La kwanza inafaa kwa masharti, la pili usilifanye kabisa.

Tofautisha kwanza mambo mawili ambayo hata wajazaji wa fomu huyachanganya. Mchango wa kawaida kwa taasisi ya hisani hupunguza mapato yanayotozwa kodi, sawa na ilivyo Kenya. Ukitoa dola 500 nawe uko kwenye kiwango cha asilimia 22, umeokoa dola 110. Nafuu tunayoizungumzia hapa hukata kodi yenyewe: ukitoa 500, kodi inashuka kwa 500. Arizona hutoza asilimia 2.5, hivyo mwenye mapato ya kutozwa kodi ya dola 40,000 anadaiwa 1,000. Akichangia 700, anabaki kudaiwa 300. Kama mwajiri alikwisha kukata yote, ile 700 hurejeshwa. Ukichangia zaidi ya kodi unayodaiwa, kinachozidi hakirudi mfukoni, ila unaweza kukitumia ndani ya miaka mitano inayofuata.

Mtoto wa dada yako unaweza kumpendekeza, mradi si tegemezi wako kwenye ritani. Lakini shirika haliruhusiwi kumtengea pesa kwa sababu tu wewe umemtaja. Linapaswa kuangalia mengine pia, hasa uhitaji. Kwa hiyo usimwahidi dada yako kitu. Ama kubadilishana watoto na rafiki, sheria inakataza waziwazi, na nafuu yenu nyote wawili itapotea.

Mchango uliotolewa hadi Aprili 15 unaweza kuhesabiwa kwa mwaka uliopita. Jaza fomu 323 ya kodi ya jimbo, na ukifikia kikomo chake ndipo uende 348. Tunza risiti ya shirika.

Kuanzia Januari 1, 2027 inakuja nafuu ya shirikisho, iliyopitishwa kwa sheria ya Julai 4, 2025. Mlipakodi atafutiwa hadi dola 1,700 ya kodi ya shirikisho. Huko mchangiaji haruhusiwi kuelekeza pesa kwa mtoto fulani, na nafuu uliyopata kwa jimbo inapunguzwa kwenye ile ya shirikisho, hivyo dola moja haitakunufaisha mara mbili. Familia ya mtoto isizidi asilimia 300 ya kipato cha kati cha eneo lake. Tunaona kikomo hicho kimepanda mno kwa mpango unaosemwa ni wa wanyonge, ingawa lipo jema moja ambalo wengi hawajaliona: hata mtoto anayebaki shule ya serikali anaweza kufadhiliwa, kwa mfano kulipiwa masomo ya ziada. Jimbo lazima lijiunge kwanza. Lisipojiunga, watoto wake hawapati kitu, huku walipakodi wake wakiweza kuchangia mashirika ya majimbo mengine.

SWALI: Niko Louisville, Kentucky. Mbona huku sisikii habari hizi?
Msomaji wa muda mrefu

JIBU: Kwa sababu zilizimwa. Bunge la Kentucky lilipitisha mpango wa aina hii 2021, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaubatilisha Desemba 2022, na Novemba 2024 wapigakura wakakataa kuibadili katiba ili pesa za umma zifike shule zisizo za serikali. Kwa sasa ulizia nafuu inayotolewa na shule yenyewe au dayosisi, na usidharau kuomba shule za serikali zenye mkazo wa fani fulani (magnet) ndani ya wilaya yenu ya Jefferson. Ila ulizia basi kabla ya kuchagua, maana usafiri wa shule hizo ulikatwa sana 2024.

SWALI: Nafundisha shule ya serikali Lancaster, Pennsylvania. Mnashabikia mpango unaozinyonya shule zetu. Pesa isiyokusanywa ni pesa ambayo haitatufikia. Na wazazi hawaachi kuniuliza kama basi la wilaya huwachukua wa shule binafsi.
Mwalimu

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, mwalimu. Kodi iliyosamehewa ni pengo kwenye bajeti ya jimbo, na anayesema ni pesa ya bure anadanganya. Hata hivyo tunauunga mkono, na sababu yetu ni moja. Mwenye uwezo Marekani alishachagua shule zamani: alinunua nyumba kwenye mtaa wenye shule nzuri, na kodi ya majengo ya mtaa huo ikaifanya nzuri zaidi. Mpangaji hana njia hiyo. Mtoto wake anasoma pale anapolala.

Ndiyo maana tunapenda ule mpango wenu wa ufadhili unaotokana na kodi za kampuni, OSTC, wa 2012 kuliko mfuko wa kwanza wa Arizona usio na kikomo cha kipato. OSTC unawalenga watoto wanaoishi kwenye maeneo ya shule zilizo asilimia 15 za chini kwa ufaulu. Kampuni inayochangia hufutiwa asilimia 75 ya mchango, au 90 ikiahidi miaka miwili, hivyo nayo inatoa kitu kutoka mfukoni. Na mpango mwenzake, EITC wa 2001, una fungu linalopeleka pesa kwenye miradi ya shule za serikali. Shule yako imewahi kuliomba?

Kuhusu matokeo, tusipambe. Utafiti wa Urban Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, juu ya mpango wa aina hii wa Florida ulikuta waliofadhiliwa wakienda vyuoni zaidi ya wenzao. Lakini Louisiana, kwa vocha, ambazo ni pesa ya serikali moja kwa moja, alama za hesabu zilishuka vibaya, na shule nyingi zilizojiunga zilikuwa tayari zinapoteza wanafunzi. Kwa hiyo mzazi na aulize: miaka mitatu iliyopita mlikuwa na wanafunzi wangapi, na leo wangapi? Matokeo ya mtihani mnamwonyesha nani?

Aulize pia mpango utadumu mpaka lini. Ule wa Illinois ulifikia kikomo mwisho wa 2023 bila kuongezewa muda. Anayehamisha mtoto ajue atalipa nini mwaka ambao ufadhili haukuja.

Kuhusu basi, kwa kuwa wazazi wa Lancaster wamekuandamia kwa swali hilo: Pennsylvania, wilaya inayowasafirisha wanafunzi wake yenyewe lazima iwasafirishe na wa shule binafsi zisizo za biashara, hadi maili 10 nje ya mpaka wake. Ombi hupelekwa wilayani, si shuleni. Lipelekeni mapema kabla ratiba za mabasi hazijapangwa.