Tahadhari Sitini kwa Siku Moja

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni vijana watatu wa hapa Moshi, na tunatunza mfumo ambao wakala mmoja wa utalii anautumia kupokea maombi ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Juzi tuliwasha ukaguzi wa kiotomatiki wa maktaba za programu, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine ambavyo mfumo wetu unavitegemea, nao ukatuletea tahadhari sitini kwa siku moja. Mwenzetu anataka tusasishe zote usiku mmoja, nami nahofia mfumo utakwama wageni wakiwa wengi. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, ila isiwe sababu ya kuuzima ukaguzi huo. Kwanza tenganisheni maktaba zilizopitwa na wakati tu na zile zenye udhaifu wa kiusalama unaojulikana, maana hizi za pili ndizo zisizosubiri. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia udhaifu wa Apache Struts, maktaba ya kujengea mifumo ya wavuti, ambao marekebisho yake yalikuwa yametolewa mwezi Machi, takriban miezi miwili kabla ya wezi kuanza kuchota taarifa hizo.

Chombo cha ukaguzi husoma orodha ya maktaba zenu na matoleo yake, kisha huilinganisha na kumbukumbu za wazi za udhaifu uliokwisha kutangazwa, lakini mara nyingi hakijui kama mfumo wenu unaitumia kweli ile sehemu yenye kasoro. Hapo ndipo akili yenu inapohitajika. Anzeni na maktaba zinazogusa vitu vitokavyo nje, kama vile fomu za wageni, picha za pasipoti wanazopakia na malipo. Zile zinazotumika kwenye kompyuta zenu tu wakati wa kuandika programu zinaweza kungoja.

Msiziache zile ambazo hamkuziweka wenyewe. Udhaifu wa Log4j, maktaba ya kurekodi matukio ya programu, ulipotangazwa Desemba 2021, ukapewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, wengi waligundua kwamba maktaba hiyo ilikuwa imeingia kwao ikiwa imebebwa na maktaba nyingine. Kwa hiyo faili linalorekodi matoleo yote, hadi ya maktaba za ndani kabisa, lihifadhiwe pamoja na msimbo wenu.

Kuhusu usiku mmoja, mimi siungi mkono. Sasisheni chache chache kwenye nakala ya majaribio, mkijaribu kuweka nafasi na kulipa tangu mwanzo hadi mwisho, na mwongeze umakini pale tarakimu ya kwanza ya toleo inapobadilika, kwa kuwa kwa kawaida huashiria mabadiliko yanayoweza kuvunja msimbo wa zamani. Sasisho la kawaida lisilo la kiusalama lipeni siku kadhaa kabla ya kulichukua, ili kasoro zake zipate kugunduliwa kwanza: Machi 2024 matoleo mapya ya xz, programu ya kubana mafaili, 5.6.0 na 5.6.1, yaligunduliwa kuwa yamepandikizwa mlango wa siri wa kuwaingiza wavamizi.

Hizo sitini zikiisha, mpeni mmoja wenu zamu ya kufungua tahadhari kila Jumatatu, na jina lake liandikwe mahali ambapo nyote watatu mnaliona.