Re: BS 8110 inatosha kwa hosteli ya ghorofa 3 Uyole?

Habari mkuu. Umeuliza kama BS 8110 uliyonayo, yaani kanuni za Uingereza za kusanifu majengo ya zege, inatosha kwa hosteli ya Uyole, Mbeya, na habari za tetemeko uzitoe wapi.

Kwanza angalia toleo lako ni la mwaka gani. Hata likiwa la 1997, Uingereza waliliondoa 2010, wakabaki na Eurocode 2, kanuni za Ulaya za zege. Kwa slabu na bimu za kawaida bado linafaa kuhakiki hesabu, ila usichanganye BS na Eurocode kwenye nguzo moja. Zege la C25/30 maana yake nguvu ya N/mm² 25 likipimwa kwa sampuli ya silinda, 30 kwa sampuli ya kyubu (mchemraba). BS inahesabu kwa kyubu, Eurocode kwa silinda. Wengi wanateleza hapo.

Tetemeko BS 8110 haina, na sisi huku tumekaa juu ya Bonde la Ufa. Chukua Eurocode 8 (ya matetemeko) sehemu ya 1, uanze na ringi za nguzo, yaani vyuma vinavyozunguka nondo kuu. Kwa daraja la DCM (uwezo wa kati wa jengo kupinda bila kuvunjika ghafla), kwenye ncha za nguzo nafasi ya ringi haizidi mara 8 ya kipenyo cha nondo kuu: nondo za mm 16 zinakupa mm 128, siyo ile sentimita 20 ya mafundi wetu. Kuna vikomo vingine viwili, fuata kilicho kidogo kuliko vyote.

Udongo wa kiwanja chako sijauona. Upimwe kwanza, ndipo uchague kundi la udongo la Eurocode 8, A hadi E.