Je, mradi wa kidakio utadumu wafadhili wakiondoka?

SWALI: Mhariri, mradi wa jamii wa kuhifadhi kidakio chetu cha maji, yaani eneo linalokusanya maji ya mvua, unamalizika mwakani, na ripoti inausifu kwa idadi ya miche iliyopandwa. Je, hicho ni kipimo tosha cha uendelevu?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Miche huhesabiwa siku ya kupandwa, ilhali uendelevu hupimwa baada ya misimu kadhaa ya mvua, na ikiwezekana na mtu asiyelipwa na mradi. Anzeni na makinga maji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasimomonyoe mteremko: mtaro uliojaa tope bila kuzibuliwa hueleza mengi kuliko ripoti, kwani mara nyingi ni dalili kwamba watu walichimba kwa ajili ya posho. Kisha fungueni daftari la kamati, mwone kama michango inaingia na kama walioingiza mifugo katika eneo lililofungwa walitozwa faini kweli. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa rasilimali za pamoja huweza kudumu pale watumiaji wenyewe wanapotunga kanuni na kusimamiana. Gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mgawanyo: wakazi wa juu hupoteza malisho ilhali wa chini hupata maji, na wa juu wasipofidiwa watarudi kulima mteremkoni. Kina cha visima nacho kipimwe kila kiangazi, pamoja na mvua iliyonyesha, ili mwaka wa neema usihesabiwe kuwa mafanikio ya mradi.