Kabla ya kuuliza paneli ngapi, uliza riba ngapi

Haupiti mwezi bila mtu kuniandikia: "Nataka kuingia kwenye nishati safi, nianzie wapi?" Wengi wao hutegemea niwatume wakasomee paneli, betri au haidrojeni. Nikiwajibu waanze na riba, baadhi hawaandiki tena.

Siwalaumu, maana hata mimi sikuanzia huko. Nilikuwa mhasibu, nikaingia kwenye timu iliyokuwa ikikagua miradi ya umeme wa jua na upepo kwa niaba ya wakopeshaji. Kabla benki haijatoa fedha, lazima mtu apitie hesabu za mradi mstari kwa mstari aone kama mkopo utalipika. Miezi ya mwanzo nilikuwa nimelewa mashine. Nilikariri aina za paneli na urefu wa mapanga ya mitambo ya upepo. Nilijua kwamba seli ya silikoni ya kuzalisha umeme wa jua ilioneshwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954 ikiwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi. Ni mambo matamu kuyajua, lakini hakuna hata siku moja yaliyonisaidia kuamua kama mradi fulani upewe mkopo au unyimwe.

Kilichonizindua ni kisanduku kimoja kwenye faili la Excel. Kiongozi wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniita nikae kando yake. Akaandika 5 kwenye kisanduku cha riba. "Soma bei ya umeme." Nikasoma. Akafuta, akaandika 12. "Haya, soma tena." Bei ilikuwa imepanda kwa zaidi ya nusu. Paneli ni zilezile, jua ni lilelile, kiwanja hakijahama. Mama akageukia kazi zake, akaniacha nimekodolea skrini.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa simu. Chukua mradi uliogharimu sehemu 100, na ili tusijichoshe, tuseme zote zimekopwa na zinalipwa kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 25. Riba ikiwa asilimia 5, kila mwaka utarejesha sehemu 7.1 hivi. Ikiwa asilimia 12, utarejesha karibu 12.8. Weka juu yake sehemu 1.5 za uendeshaji na matengenezo: kwanza ulihitaji 8.6 kwa mwaka, sasa unahitaji zaidi ya 14. Umeme ni uleule, ila mnunuzi anatakiwa kuulipia theluthi mbili zaidi.

Hili linaiuma nishati safi kuliko nyingine kwa sababu mtambo wa jua au upepo haununui mafuta. Karibu gharama zake zote zinalipwa kabla balbu ya kwanza haijawaka. Kituo cha gesi kina tabia tofauti: kukijenga ni nafuu kiasi, halafu kinakula mafuta maisha yake yote. Riba ikipanda, chenyewe kinakwaruzwa tu, mtambo wa upepo unavunjika mguu. Ndiyo maana benki kuu zilipopandisha riba mwaka 2022 na 2023, miradi ya upepo wa baharini ilianza kuyumba, mingine ikafutwa kabisa. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Ørsted ya Denmark ilitangaza kuachana na miradi miwili mikubwa, Ocean Wind 1 na 2, nje ya pwani ya New Jersey nchini Marekani. Upepo wa pale haukuwa umepungua.

Kwa hiyo ukisikia umeme wa jua umeshuka bei, ni kweli. Takwimu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, zinaonesha kwamba gharama ya wastani ya umeme wa jua wa mashamba makubwa ilishuka duniani kwa asilimia 90 hivi kati ya 2010 na 2023. Lakini huo ni wastani. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, limekuwa likieleza kwamba mtaji wa mradi wa jua katika nchi zinazoendelea unagharimu mara mbili au zaidi ya ule wa nchi tajiri. Panua kidogo uone sura nzima: mwaka 2024 uwekezaji wa dunia katika nishati safi ulikadiriwa kufika dola trilioni 2, na nchi zote zinazoendelea ukiitoa China ziliambulia asilimia 15 hivi. Hao ndio wenye sehemu kubwa ya watu wa dunia, na wengi wao wana jua la kumwaga. Sijawahi kuzoea mpangilio huo, na sidhani kama inafaa kuuzoea.

Jambo la pili ninalowashauri ni kuuliza anayenunua umeme ni nani na analipa kwa sarafu gani. Hapa ndipo nilipotia aibu. Nilipewa mradi ambao mapato yake yalikuwa kwa sarafu ya nchi husika na mkopo wake kwa dola. Nikakagua mwanga wa jua, nikakagua uchakavu wa paneli, nikapitisha. Mama akaurudisha na alama moja tu ya kuuliza kwa wino mwekundu, pembeni mwa neno "dola". Nilikuwa nimeacha kiwango cha kubadilishia fedha kikae palepale kwa miaka kumi na minane. Nilipoweka ushukaji wa thamani wa kawaida tu, ule uliotokea miaka ya nyuma, mradi ulishindwa kulipa deni mwaka wa saba.

Katika miradi kama hiyo mtu lazima abebe hasara ya sarafu. Mkataba ukisema umeme utalipwa kwa dola, mzigo unaangukia shirika la umeme, na mwishowe mlipa bili au serikali. Ukisema utalipwa kwa sarafu ya nchi, unabaki kwa mwenye mradi, naye atauongeza kwenye bei tangu siku ya kwanza. Kuna bima za kubadilisha sarafu, ila ni ghali. Nikiona tangazo kwamba mradi fulani utauza umeme kwa bei ya chini ajabu, kitu cha kwanza kutafuta ni mzigo huu umefichwa wapi.

Tahadhari hiyohiyo itumie kwenye mabilioni yanayotangazwa kwenye mikutano ya tabianchi. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, na kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye nchi nyingi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwaka 2024 kule Baku lengo jipya likawekwa, angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mtu akisikia hivyo anadhani kuna mtu anagawa fedha. Katika zile bilioni 100, sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Ruzuku, mkopo nafuu, mkopo wa bei ya soko na dhamana ni vitu vinne tofauti, na kwenye kichwa cha habari vyote vinavaa nguo moja.

Kuhusu sera nimebadili msimamo kabisa. Zamani nilipenda serikali inayotoa bei nono kwa umeme safi. Siku hizi naona heri ile ya bei ya kawaida isiyobadilika katikati ya safari. Hispania ilinifundisha. Mwaka 2007 iliweka bei nzuri mno kwa umeme wa jua, na mwaka 2008 pekee zikafungwa zaidi ya gigawati 2.5, mbali kabisa na kiasi kilichopangwa. Mfumo wa umeme ukalemewa na deni. Kuanzia 2010 serikali ikaanza kupunguza malipo, mpaka 2013 ikawa imeuvunja utaratibu wote, hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa kwa kuamini ahadi za awali. Wawekezaji wakakimbilia mahakama za usuluhishi za kimataifa, kesi kwa makumi. Mkopeshaji aliyeona hayo hasahau. Anaongeza asilimia kidogo kwenye riba ya nchi inayofuata, hata kama nchi hiyo haijamkosea lolote.

Bei ikibanwa kupita kiasi nayo ina balaa lake. Uingereza inatumia mkataba wa tofauti ya bei, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, CfD. Mzalishaji anahakikishiwa bei fulani. Soko likiwa chini yake anafidiwa, likiwa juu anarudisha ziada. Ni chombo kizuri sana, maana kinampa mkopeshaji mapato anayoweza kuyatabiri, na riba inashuka. Lakini katika mnada wa kugawa mikataba hiyo uliotolewa matokeo Septemba 2023, kikomo cha bei kwa upepo wa baharini kiliwekwa pauni 44 kwa megawati-saa, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012, wakati chuma na riba vyote vimepanda. Hakuna hata mradi mmoja wa kawaida wa upepo wa baharini uliojitokeza. Mnada uliofuata kikomo kikapandishwa hadi pauni 73, wazabuni wakarudi. Nilikuwa na wenzangu waliocheka mwaka ule. Mimi niliona watu waliokokotoa wakiwa wamesahau kisanduku kilekile cha mama.

Gridi sitaizungumzia sana, si kwa kuwa ni ndogo. Mwaka 2016 jimbo la Gansu nchini China lilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake wa upepo, kwa sababu mitambo ilijengwa haraka kuliko nyaya za kuupeleka kwenye miji inayouhitaji. Mwaka 2023 IEA ilikadiria kwamba miradi ya nishati jadidifu ya angalau gigawati 3,000 ilikuwa kwenye foleni ikisubiri kuunganishwa na gridi. Betri zimesaidia, ile ya Hornsdale huko Australia Kusini, iliyowashwa mwishoni mwa 2017 ikiwa na megawati 100, iliwanyamazisha wengi waliosema betri kubwa haiwezekani. Ila betri haivuki milima kupeleka umeme mjini. Ukipewa faili la mradi, tafuta barua ya kuunganishwa na gridi. Ikikosekana, funga faili uendelee na mengine.

Lipo na suala la maneno. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ripoti nikajumlisha megawati za miradi yote iliyotiwa saini, nikajigamba kwamba nchi fulani itaongeza umeme maradufu. Mama alinirudishia swali: "Saini ya nini?" Kumbe nyingi zilikuwa hati za makubaliano tu, karatasi za kupigia picha. Mradi unatangazwa, unapata mkataba wa kuuza umeme, fedha zinakamilika na masharti yote ya mkopo kutimizwa, unajengwa, unawashwa. Kati ya tangazo na kukamilika kwa fedha, wengi hufia njiani. Mimi siku hizi nahesabu kuanzia fedha zilipokamilika.

Na tafadhali, usichanganye megawati na megawati-saa. Megawati ni nguvu ya mtambo, megawati-saa ni umeme uliotoka. Shamba la jua la megawati 100 halitoi umeme wa megawati 100 usiku na mchana. Kwa mwaka mzima, kutegemea mahali, utapata kama asilimia 15 hadi 25 ya kile ambacho lingetoa kama lingewaka saa zote kwa nguvu zote. Kosa hili nalikuta mpaka kwenye hotuba za mawaziri, na ndilo linalofanya shamba la jua na kituo cha gesi vionekane sawa kwenye jedwali wakati havilingani.

Je, usisome uhandisi? Soma, kama unaupenda. Wahandisi wazuri niliofanya nao kazi ndio walionionesha makosa ambayo hesabu haziwezi kuyaona, mfano vumbi linavyokula mapato polepole. Lakini kama wewe ni mhasibu, mwanasheria au mwalimu wa hisabati, usijione umechelewa au umekosea mlango. Masharti ya kawaida ya mkataba wa CfD yamewekwa wazi kwa umma. Ni marefu na yanachosha. Yapakue, ruka utangulizi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza malipo yanavyokokotolewa, kisha ile ya mabadiliko ya sheria, inayosema nani anabeba gharama serikali ikigeuza mambo. Weka kikokotoo pembeni. Ukikwama niandikie, ila uniambie umekwama kifungu gani.