Bunduki ya kiwandani: matundu matatu yasikuhadae

*Swali, Wete: Ndani ya boksi la bunduki mpya nilikuta karatasi ya majaribio: matundu matatu, upana milimita 19 kwa mita 100. Mimi nikipiga kumi napata 30. Nimepigwa changa la macho?*

Hata. Kila ukiongeza risasi ndipo inapotokea ile moja iliyokwenda kombo, na kundi, yaani matundu yote kwa pamoja, hutanuka. Kwa wastani, kundi la risasi 3 huwa kama asilimia 63 ya upana wa kundi la 10. Asilimia 63 ya 30 ni 19, basi bunduki yako inapiga vile vile ilivyopiga kiwandani. Milimita 30 kwa mita 100 ni kama dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii), na kwa bunduki ya kununua dukani si haba.

Ubaya wa matundu matatu ni kuwa bunduki mbovu nayo hubahatisha. Piga makundi manne ya risasi tano tano, uyapime yote, utafute wastani. Lile baya usilitupe kwa kisingizio cha "hapa nilitikisika". Pima toka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lile lililo mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha risasi, kwa bunduki ya .22 (inchi 0.22) ni kama milimita 5.7.

*Swali, Fuoni: Nitajuaje kosa ni la bunduki au langu?*

Laza mbao ya mbele, si mtutu, juu ya mfuko wa mchanga, na mfuko mdogo uweke chini ya kitako. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji matamu uukaushe, la sivyo chumvi itakula chuma. Halafu mpe mwenzako mwenye mkono mzuri, apige kwa risasi za boksi lile lile. Naye akipata kama wewe, shuku risasi kabla ya mtutu. Jaribu aina nne au tano; mara nyengine aina moja hutoa kundi mara mbili ya nyengine kwa bunduki ile ile.

*Swali, Chake Chake: Tangu masika matundu yanahamia juu kushoto, na darubini sijaigusa.*

Kama kitako ni cha mbao, anzia hapo. Mbao ikinywa unyevu huvimba, ikagusa mtutu ubavuni na kuusukuma. Hakikisha chumba cha risasi ni kitupu, kisha chukua noti ya elfu mbili, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele, uivute kurudi nyuma taratibu. Inapokwama kabla ya kufika karibu na chumba, hapo ndipo panapogusa. Tia alama ya penseli, fungua skrubu zinazofunga mbao na chuma, piga msasa kidogo kidogo, kisha paka vanishi sehemu uliyoikwangua; ukiiacha wazi, masika ijayo utarudi pale pale.

Ukirejesha skrubu, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha bunduki. Nyingi huwa kati ya nyutoni-mita 4 na 7. Moja ikilegea, makundi husambaa ovyo, na watu hukimbilia kulaumu darubini. Na hiyo nayo kagua pete zake.

*Swali, Mkoani: Kusi likivuma, si bora risasi za .22 zenye kasi zaidi?*

Kinyume chake. Risasi ya .22 inayotoka kwa kasi kupita sauti hupoteza mwendo haraka, na upepo huisukuma zaidi kuliko ile ya polepole. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti huenda kama mita 349 kwa sekunde. Chagua risasi ya mita 320 hadi 330. Funga uzi mwepesi kwenye kijiti karibu na shabaha, na upige pale tu uzi unapolala namna moja.

*Swali, Bububu: Bunduki kuukuu, mtutu unang'aa ndani, lakini haishiki kundi.*

Chumba kikiwa kitupu, zungusha pamba kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Nyuzi zikinasa, pana mkwaruzo, na kila risasi hutoka ikipigwa kumbo upande huo. Aghalabu ni kazi ya fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kwa mbele. Fundi mwenye mashine ya kukereza huukata mdomo upya, na tangu hapo fimbo iingie kwa nyuma.