Mhuri Unasema D2, Cheche Zinasema Vingine

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtengeneza visu, huu ni mwaka wangu wa tisa. Visu vyangu vya kazi nimekuwa nikiviuza vikiwa na mhuri wa D2 ubavuni, karibu na mpini, yaani aina ya chuma chenye kromi nyingi, madini yanayochelewesha kutu. Mwaka jana anayeniuzia chuma aliishiwa, na mimi nilikuwa na oda mkononi. Nikapata vipande kwa mtu mwingine, akaniambia ni chuma hichohicho ila hakina karatasi ya kiwandani. Nikatengeneza visu 38. Kila kimoja nilikipasha moto mpaka sumaku ikaacha kukishika, nikaongeza moto kidogo, nikakichovya kwenye mafuta, kisha nikakirudishia moto wa chini. Vikatoka vigumu, tupa inateleza. Nikapiga mhuri uleule.

Mwezi uliopita mteja mmoja aliacha chake kwenye maji usiku kucha. Asubuhi kilikuwa na madoa ya kutu. Akakipeleka kwa mtu mwenye kile kipimo cha mkononi kinachofanana na bastola, kikaonyesha kromi haifiki hata asilimia moja. Akawaambia wenzake. Sasa wateja sita wanadai fedha zao, wengine wako kimya lakini oda zimekatika. Nimewajibu kwamba hata mimi nilidanganywa, ila hawaelewi. Tena kipimo chenyewe hakikutaja ni chuma gani, wala hakikuonyesha kaboni, ile inayokipa chuma ugumu, kwa hiyo naona na wao hawana uhakika kamili. Je, niendelee kushikilia kwamba kosa ni la muuzaji? Na jina langu litarudi vipi?
Mhunzi niliyekwama

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilipofika pale kwenye sumaku nikavua miwani nikaiweka mezani.

Sumaku huacha kushika chuma kinapofika nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Ukiwa na chuma cha springi, tuseme 5160, unapandisha kidogo mpaka kwenye 830, unachovya kwenye mafuta, umepata kisu. D2 haikubali mambo hayo. Ina kromi kama asilimia 12 na kaboni asilimia moja na nusu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekumbatiana na kromi. Ili iachiliwe unahitaji moto wa nyuzi 1,000 au zaidi kidogo, na bapa likae kwenye moto huo kwa muda, si kupita tu. Baada ya hapo hata mafuta huhitaji: unalitoa, unaliacha kwenye hewa, linajikaza lenyewe. Anayeipasha D2 kwa kipimo cha sumaku anatoka na bapa ambalo halijafika ugumu wake. La kwako likafika, na tupa ikateleza.

Sasa niambie, miaka minane ya nyuma D2 yako ulikuwa unaikaza vipi? Kama ulibadili njia kwa ajili ya visu hivi 38, basi ulijua kwa nini unabadili. Na kama hukubadili, tuna mazungumzo mengine marefu zaidi, ya miaka minane. Sitakulazimisha unijibu mimi.

Halafu kuna cheche. Hapa ndipo barua yako ilipokaa kimya, na mtu wa mashine hawezi kukaa kimya hapa. D2 ukiigusisha kwenye jiwe la mashine hutoa cheche chache, fupi, za rangi ya chungwa iliyofifia. Chuma cha springi hutoa mkondo mrefu wa njano unaopasukapasuka mbeleni kama nyasi kavu zilizoshika moto. Hata mtoto anayefagia karakana anaona tofauti. Wewe ulisimama mbele ya mashine hiyo kwa visu 38, pande mbili kila kimoja. Mikanda yako ya msasa nayo, ambayo D2 huitafuna, mwezi ule lazima ilidumu kuliko kawaida. Mikono yako ilijua siku ya kwanza. Mteja ndiye aliyelazimika kutafuta bastola.

Kwa hiyo muuzaji tumwache. Yeye alikuambia chuma hakina karatasi, na hicho ndicho alichokuuzia. Neno D2 lilitoka kwenye nyundo yako. Ukiendelea kumtaja yeye, yuko mteja mmoja, yupo siku zote, anayezijua cheche kama mimi. Atauliza swali langu mbele ya watu.

Kuhusu kipimo, hujakosea kabisa. Kile cha mkononi kinatumia miale ya eksirei, na kaboni ni nyepesi mno, hakiioni. Ndiyo maana kinapata shida kuitenga 440A na 440C, aina mbili za chuma kisichoshika kutu kirahisi, ambazo kromi yao ni ileile na tofauti yao kubwa iko kwenye kaboni, na wapo mafundi wanaojificha katika mwanya huo. Ukitaka kuiona kaboni, maabara huunguza nukta ya chuma kwa cheche ya umeme na kusoma mwanga wake, ndiyo maana kisu kinabaki na doa. Lakini kromi kile cha mkononi kinaiona vizuri. Tofauti kati ya asilimia 12 na chini ya moja si ya kubishania. Hakikumwambia mteja kisu chake ni nini, kilimwambia si nini, na alichokuwa akiuliza ni hicho tu.

Ngoja nikupe la kwangu ili usidhani nakuhutubia kutoka juu ya mti. Zamani nilikuwa na fito mbili za chuma, moja imepakwa rangi ya bluu nchani, nyingine nyekundu. Ni alama za stoo, kila rangi na aina yake. Mimi nikakata kuanzia upande wa rangi, kwa sababu tu ndio ulioelekea mlangoni. Kisu cha kwanza kikaondoka na rangi ya fito moja, cha pili na ya nyingine, na vilivyobaki vilikuwa fito mbili za kijivu zinazofanana kama mapacha. Nikauza visu vinne kwa kubahatisha. Kimoja kilirudi kimekatika ncha. Nikamwambia mwenyewe amekitumia vibaya. Alikiweka juu ya meza, akageuka, akaenda zake, hakudai chochote. Ningefurahi angedai. Anayedai bado anakuhesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo wale sita wako wanaopiga kelele wathamini, na uwaogope zaidi hao walionyamaza.

Sasa kazi. Fungua daftari la oda uwaandikie wote 38, si sita. Andika mwenyewe, kwa lugha unayosemea kila siku. Kitu kama hiki: "Kisu nilichokuuzia kina mhuri wa D2. Si D2. Nilitumia chuma kisicho na karatasi na dalili niliziona nikiwa nakitengeneza, nikapiga mhuri hivyohivyo. Ukikirudisha nakurudishia fedha yako yote, na gharama ya kukituma ni yangu. Ukitaka kubaki nacho, nitafuta mhuri na kukurudishia tofauti ya bei. Kwa sasa kikaushe kila baada ya kukitumia na ukipake mafuta kidogo, kwa sababu kitashika kutu haraka." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Aliyeambiwa ana D2 anakitunza kisu kama D2, yaani kwa uvivu kidogo, maana ingawa nayo hushika kutu, inachelewa. Kila siku unayochelewa kumwambia, kisu chake kinaliwa.

Utajaribiwa kuongeza mstari mmoja: kwamba kisu bado ni kizuri. Na pengine ni kizuri kweli! Chuma cha springi kilichokaziwa vizuri kinavumilia kupigwa na kupindwa kuliko D2, na kwa kazi za kukatakata kwa nguvu ningekichagua chenyewe. Usiuandike. Mtu alilipia makali yanayokaa muda mrefu bila kunolewa, wewe ukampa kitu kingine, halafu unamfundisha akipende. Akikuuliza, mjibu. Asipouliza, nyamaza. Punguzo kwenye oda ijayo nalo usilitaje, maana hakuna aliyekuambia kuna oda ijayo.

Kabla ya kuandika, tafuta kipande kilichobaki cha chuma hicho ukipeleke maabara ya kuona kaboni. Usikibatize jina la 5160 kwa sababu mimi nimelitaja, ndivyo ulivyoanza safari hii. Ukiwa na masalio ya D2 ya miaka ya nyuma, peleka na hayo. Unajua kwa nini.

Na mipini? Hukuitaja, lakini mteja akishakukamata kwenye bapa atageukia mpini. Kama unaandika mpingo, hakikisha ni mpingo: kipande chake kikavu huzama majini, kwa sababu ni mzito kuliko maji. Mti uliotiwa rangi nyeusi mara nyingi huacha weusi kwenye kitambaa chenye spiriti. Kama unaandika pembe, choma upande wa ndani kwa ncha ya sindano ya moto: pembe ya mnyama inanuka kama nywele zilizoungua, plastiki inanuka plastiki. Fanya wewe kabla yao.

Jina lako halitarudi kwa barua hiyo. Barua inasimamisha kuvuja tu. Kinachofuata ni tabia ndogo ya kuchosha: kila fito ipewe namba, namba hiyo ipigwe kwenye kisu chini ya mpini, na kipande cha ukubwa wa kidole kutoka kwenye fito hiyo kihifadhiwe kwenye kopo pamoja na karatasi ya kiwandani. Mteja akitilia shaka, mpe kipande akapime mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi na walioniomba kipande hawazidi watano. Lakini wengi huuliza kopo liko wapi.

SWALI: Nimenunua kisu cha chuma cha Damasko chenye mawimbi mazuri sana. Rafiki yangu anasema mawimbi yamechorwa tu. Nitajuaje bila kukiharibu?
Mnunuzi mwenye wasiwasi

JIBU: Kigeuze ukiangalie mgongoni, sehemu nene. Kinachouzwa leo kwa jina hilo huwa ni aina mbili za chuma zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kuunganishwa kwa moto na nyundo, kwa kawaida moja yenye nikeli kidogo, kama 15N20, na nyingine isiyo nayo, kama 1084. Asidi hulitia weusi tabaka la pili na kuliacha la nikeli liking'aa. Kwa hiyo mawimbi yako ndani ya nyama ya chuma, na yanapaswa kupanda ubavuni, kuvuka mgongo na kushuka upande wa pili. Mgongo ukiwa mtupu huku ubavu umejaa maua, rafiki yako ana hoja. Ubavu wa kulia na wa kushoto vikifanana kama vimetoka kwenye mashine ya kunakili, ana hoja kubwa zaidi.

Kipo kipimo cha kumaliza ubishi: sugua kwa msasa sehemu ndogo karibu na mpini mpaka mawimbi yapotee, kisha pakaa kloridi ya feriki iliyozimuliwa, ambayo hufanya kazi ya asidi ile, ukiwa umevaa glavu. Mawimbi ya kweli yanarudi. Ya kuchorwa hayana pa kurudi kutoka. Ila mwombe aliyekuuzia afanye yeye, mbele yako. Mtu aliyekiunganisha kwa mikono yake atafurahi kuonyesha. Namna atakavyosita itakueleza mengi kabla msasa haujagusa chuma.

Lakini mawimbi ya kweli si ushahidi wa makali. Nimeshika visu vya tabaka halisi kabisa ambavyo havikukaziwa vizuri, vikawa laini kama kijiko.

SWALI: Mimi naanza. Natumia springi za magari makuukuu kwa sababu ndizo ninazozipata. Nipige mhuri gani?
Mwanafunzi

JIBU: Piga jina lako. Kwenye karatasi ya kisu andika "springi ya gari iliyotumika". Usiandike 5160, kwa sababu springi za magari hutengenezwa kwa vyuma vya aina zaidi ya moja na ile yako haikuja na cheti. Kaza kipande kidogo kwanza, kibane kwenye jiliwa ukivunje, utazame ndani: chembe zikiwa laini kama kitambaa cha kijivu, moto wako uko sawa, ziking'aa kama sukari, umezidisha. Kagua na nyufa pia, maana chuma hicho kimeshabeba mizigo ya watu miaka mingi. Na siku utakayonunua fito mpya yenye rangi nchani, anza kukata upande usio na rangi.