Watoto wa Kikongo waliofika bila wazazi

Dada, umeuliza kama jumuiya yenu hapo Nairobi iwagawane kimyakimya ndugu watatu wa Kikongo waliofika bila wazazi. Tafadhali, msiwatenganishe! Mama yao akija kuwatafuta, atawapatia wapi? Toeni taarifa kwa afisa wa watoto, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, na muombe wasajiliwe kama wakimbizi. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, linaijua njia hiyo vizuri. Shule ikiwakataa, hapo Kanisa lipaze sauti: nendeni na paroko kwa mwalimu mkuu, mkiwa na Sheria ya Watoto ya 2022, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Picha zao msizisambaze, hata kwa kuchangisha. Huenda watu ambao watoto hao waliwakimbia bado wanawatafuta.